Somo: Kukokotoa umbali na muda wa ndege kati ya Dubai na Guangzhou

Wafanyabiashara wanaopitia Dubai kwenda kuchukua mzigo Guangzhou, China, wameniuliza jambo hili mara nyingi mno, hivyo naliandika hapa ili atakayeuliza tena aelekezwe kwenye somo hili.

Hatua ya 1. Umbali wa angani kati ya viwanja vya ndege vya miji hii miwili ni takriban kilomita 5,830.

Hatua ya 2. Gawanya kwa kilomita 900 kwa saa, ambayo ni kasi ya kawaida ya ndege kubwa, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Utapata kama saa saba.

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo pasome polepole. Tiketi huandika kuondoka kwa saa za mji unaotoka na kufika kwa saa za mji unaokwenda, na Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa nne. Safari yangu ya kwanza tiketi ilisema kuondoka 10:00, kufika 21:00. Nikadhani hiyo 21:00 ni ya Dubai, nikajumlisha nne nyingine, nikamwambia mwenyeji wangu aje kunipokea saa saba usiku. Nilikaa saa nne katika ukumbi wa wanaowasili, nimekumbatia mkoba wenye fedha za watu, simu haina laini ya kule. Tangu hapo huandika nyakati zote mbili kwa saa za Dubai nyuma ya karatasi ya tiketi: 10:00 na 17:00, yaani saa saba. Onyo: muda wa kufika ulioandikwa usiuongezee chochote. Onyo jingine: tiketi ikisema kuondoka 00:15 ya tarehe 8, huo ni usiku wa kuamkia tarehe 8, kwa hiyo uwe uwanjani tarehe 7 jioni.

Swali: Kwa hiyo tutakaa angani saa kumi na moja?
Jibu: Hapana. Rudia hatua ya 3.

Swali: Mwalimu, mbona kurudi huchukua saa nane hivi ilhali umbali ni ule ule?
Jibu: Umeuliza vizuri, dada. Katika kimo cha kilomita 10 hadi 12, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa miezi ya baridi. Wakati wa kwenda huisukuma ndege. Wakati wa kurudi ndege hupambana nao.

Swali: Ramani ndani ya ndege ilionyesha njia iliyopinda kuelekea Nepal. Rubani alizunguka?
Jibu: Hakuzunguka. Chukua tufe la dunia, uvute uzi uliokazwa kati ya miji hii miwili, nawe utaona unapanda hadi karibu na mpaka wa India na Nepal kabla ya kushuka tena. Hata hivyo, ukilinganisha na kufuata latitudo moja, uzi huo hukuokolea kilomita kama 40 tu, na njia halisi hutegemea pia upepo na anga zinazoruhusiwa.

Swali: Kutoka Dar je?
Jibu: Dar iko nyuma ya Dubai kwa saa moja, basi nyuma ya Guangzhou kwa saa tano. Ukimpigia muuzaji saa nne asubuhi, kwake ni saa tisa alasiri. Na ukiendelea kwa treni hadi Yiwu usiguse saa yako, kwa sababu China yote hutumia majira mamoja.