Kupima kama karakana ya gereza inapunguza kurudia makosa

Tuchukue karakana ya useremala katika gereza la Kenya, ambako wafungwa hufanya mtihani wa ufundi wa gredi ya III wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Cheti huonyesha kwamba ufundi umeingia, lakini hakisemi kama mwenye nacho ameacha kuiba.

Kabla ya somo la kwanza, amua "kurudi" kwenye makosa ni nini. Ukihesabu kukamatwa, idadi hupanda, maana mwenye rekodi hukamatwa hata kwa kushukiwa. Ukihesabu kufungwa tena, hushuka, kwa kuwa wengine hutozwa faini au hupewa kazi za kijamii. Hukumu mpya ndani ya miezi 24 ni kipimo cha kadiri. Anza kuhesabu siku mtu anapotoka langoni, si siku anapomaliza kozi.

Kisha tafuta kundi la kulinganisha. Anayejiandikisha kwa hiari huenda alikwisha kuamua kubadilika, kwa hiyo usimpime dhidi ya aliyekataa. Waombaji wakizidi nafasi, wachague kwa kura ya bahati nasibu. Waliokosa ndio kundi lako. Marekani, ziara za kuwatisha vijana kwa kuwapeleka gerezani zilisifiwa miaka mingi, hadi majaribio yaliyogawa vijana kwa kura kama hiyo yalipoonyesha kuwa waliopelekwa walikosea zaidi. Kura ikishindikana, oanisha watu kwa umri, aina ya kosa, urefu wa kifungo na vifungo vya awali.

Kosa linaloharibu ripoti nyingi ni kuhesabu wahitimu peke yao. Tuseme walianza 100. Wakahitimu 60, na kati yao 15 wakarudi: asilimia 25, ya kupigiwa makofi. Lakini kati ya 40 walioacha, 20 walirudi. Jumla ni 35 katika 100, na kama katika kundi la waliokosa nafasi walirudi 36 katika 100, karakana haijabadilisha kitu. Hesabu kila aliyeanza.

Watu 40 kila upande hawatoshi. Kugundua kushuka kutoka asilimia 40 hadi 30 kunahitaji takribani 360 kila kundi, hivyo unganisha magereza kadhaa au miaka kadhaa.

Fuatilia kwa alama za vidole, maana majina hubadilishwa. Asiyepatikana kwa simu si aliyefaulu, mwandike "hajulikani".

Matokeo yakiwa mabaya, fungua kwanza daftari la mahudhurio. Linganisha saa zilizopangwa na zilizofundishwa, na sababu ya kila pengo: mbao zimeisha, mwalimu kapangiwa zamu ya ulinzi, mwanafunzi kahamishwa gereza.