Kuvua chewa kwa mshipi wakati wa maleleji

Wakati wa maleleji, upepo wa kusi umelegea na wa kaskazi haujaanza, mkondo wa Mkanda, mlango wa bahari nyuma ya kisiwa cha Manda, Lamu, huwa umetulia. Lakini bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, usihangaike: maji hukimbia mno na chubwi, risasi ya kuzamisha mshipi, haikai chini. Ngoja maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, siku ya 8 hadi 10 au 22 hadi 24 tangu mwezi kuandama, utupe kando ya mikoko maji yakianza tu kujaa. Ngisi wa chambo mkate vipande virefu vyembamba, umchome mara moja upande mmoja ili mkia uchezecheze, ncha ya ndoana ibaki wazi. Mshipi uulaze juu ya kidole cha shahada. Chewa akidonoa, muache. Akivuta, vuta papo hapo usimlegezee: chewa akishaingia kwenye mizizi ya mikoko, umemkosa yeye na ndoana pia. Wadogo warudishe majini.