Fungate Iliyochelewa Ndani ya Safari ya Kikazi: Mwongozo kwa Wanandoa Wanaoelekea Geneva

Harusi zetu zina kawaida ya kumeza kila kitu. Vikao vya maandalizi vikishakwisha, deni la ukumbi likishalipwa na wageni wa mikoani wakishasindikizwa stendi, maharusi hubakiwa na siku mbili tatu za kupumua, kisha kila mmoja hurudi kazini kwake na fungate huahirishwa hadi “mambo yakae sawa”. Mambo hayakai sawa, miaka inapita, na siku moja mmoja wao anapewa barua ya kuhudhuria mkutano ng’ambo. Hapo ndipo wazo linapozaliwa: kwa nini tusiende wote, tukaongeza siku chache za kwetu?

Wazo hilo ni zuri na linatekelezeka, lakini linahitaji mpangilio tofauti na ule wa safari ya kawaida ya matembezi. Natumia Geneva, mji wa Uswisi, kama mfano kwa sababu watumishi wengi wa Afrika Mashariki hupelekwa huko kwenye mikutano ya Shirika la Afya Duniani, Shirika la Kazi Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa. Msimamo ninaousimamia katika maelezo yote yanayofuata ni huu: siku za kazi ni za mwajiri, siku za fungate ni za wanandoa, na mpaka kati yake lazima uonekane kwenye barua, kwenye fedha na hata kwenye ramani. Wanaojaribu kuchanganya, yaani kikao asubuhi na mapenzi jioni kwa siku zote kumi, huishia kumchosha mmoja na kumkasirisha mwingine.

Kuanzia ofisini

Kabla ya kumwambia mtu yeyote nyumbani, mtumishi aliyetumwa amweleze msimamizi wake, kwa maandishi, kwamba anaomba kubaki nje ya nchi baada ya mkutano kwa kutumia siku zake za likizo ya mwaka. Nchini Tanzania sheria ya ajira inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, na nchini Kenya kiwango cha chini ni siku 21 za kazi. Kwa hiyo mnachoomba ni ruhusa ya kuzitumia siku zenu kwa wakati huo, si hisani. Barua itaje tarehe ya mwisho ya kazi, tarehe ya kwanza ya likizo na tarehe ya kurejea ofisini. Kwa watumishi wa umma, tarehe hizo zilingane na zile zilizo kwenye kibali cha safari, kwa sababu mkaguzi anayekuta kibali cha siku tano na tiketi ya siku kumi na mbili hatakuwa na haja ya kuuliza swali la pili.

Barua hiyo ina kazi nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Fidia ya ajali kazini hufuata kazi. Ukivunjika mguu ukiwa likizoni kwenye mlima wa Uswisi, ofisi haitakutambua kama mtu aliyeumia kazini, na bima ya safari iliyonunuliwa na mwajiri kwa kawaida itakuwa imekoma siku mkutano ulipofungwa. Kwa hiyo nunueni bima yenu inayofunika siku zote za wote wawili, tangu kuondoka hadi kurudi.

Viza, mahali panapohitaji uangalifu mkubwa

Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu mwaka 2008, kwa hiyo viza mtakayoomba ni ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi ombi likikataliwa. Bima ya matibabu iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake. Hata hivyo, anayesubiri siku hizo 15 za mwisho anacheza kamari, hasa kuelekea Mei na Juni ambapo miadi huadimika.

Ombi hufanywa kwa nchi ambayo ndiyo kituo kikuu cha safari. Ikiwa mkutano ni siku nne Geneva na mnataka siku saba Paris, mtumishi atajieleza kwamba lengo lake kuu ni mkutano, lakini mwenzi wake, asiye na mkutano, siku zake nyingi ziko Ufaransa, na tayari mnaweza kujikuta mnatakiwa kupeleka mafaili yenu kwenye balozi mbili tofauti. Ushauri wangu, ambao najua utawavunja moyo wanaoota Mnara wa Eiffel, ni kubaki Uswisi kwa siku zote au kwa sehemu kubwa kabisa ya safari. Faili zote mbili zitakwenda mahali pamoja, siku moja, zikiwa na ratiba moja.

Barua ya mwaliko ya mkutano inamtaja mjumbe peke yake. Msiibebeshe mzigo wa watu wawili. Mwenzi aombe viza kwa sababu yake mwenyewe, yaani matembezi, na aambatanishe barua ya likizo kutoka kwa mwajiri wake, au leseni ya biashara na namba ya mlipakodi ikiwa anajiajiri, pamoja na taarifa ya benki. Cheti cha ndoa kiambatanishwe kwenye mafaili yote mawili, na kama kimeandikwa kwa Kiswahili kipatiwe tafsiri. Wake wengi huendelea kutumia jina la baba kwenye pasipoti, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Cheti ndicho kinachomweleza ofisa kwamba majina hayo mawili yasiyofanana ni ya nyumba moja.

Siku ya kuchukua pasipoti, someni stika za viza papo hapo dirishani. Hutokea mjumbe wa mkutano akapewa siku nyingi na kuingia mara kadhaa, huku mwenzi akipewa siku chache zilizobana. Linganisheni tarehe na idadi ya siku za kukaa kwenye stika zote mbili, kwa sababu tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili kuingia na kutoka kwa mfumo wa kompyuta, na siku moja iliyozidi haijifichi tena nyuma ya muhuri uliofifia.

Tiketi, chumba na fedha

Tiketi ya mjumbe hununuliwa na ofisi, ya mwenzi inatoka mfukoni mwenu. Kutoka Dar es Salaam mnaweza kuunganisha Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, na kote huko kuna ndege ya kwenda Geneva. Subirini ofisi ithibitishe safari yake kwanza, ndipo mnunue ya mwenzi kwenye ndege zile zile, kisha muombe shirika la ndege liunganishe kumbukumbu za tiketi zenu ili mkae pamoja. Kumbukeni tu kwamba tiketi hizo ni mbili kisheria: ofisi ikisogeza mkutano kwa wiki moja, tiketi ya mwenzi haisogei nayo. Kwa sababu hiyo, kulipa zaidi kidogo kwa tiketi inayobadilika tarehe si anasa katika safari ya namna hii.

Mhasibu atauliza kuhusu tarehe ya kurudi iliyosogezwa mbele. Siku ile ile ya kukata tiketi, chapisheni bei mbili, ya kurudi mara mkutano unapokwisha na ya kurudi baada ya likizo, muweke karatasi hizo kwenye faili. Ikiwa ya pili ni ghali zaidi, lipeni tofauti hiyo wenyewe na mchukue risiti. Katika marejesho ya masurufu, yaani hesabu ya fedha za safari mlizotangulizwa na ofisi, pia mtatakiwa kuonyesha vipande vya pasi za kupandia ndege, kwa hiyo visibaki kwenye mfuko wa kiti.

Hotelini, mwambieni mapokezi mapema kwamba chumba kitakuwa cha watu wawili. Geneva hutoza kodi ya wageni kwa kila mtu kwa kila usiku, na mgeni aliyesajiliwa ndiye anayepewa kadi ya usafiri wa umma isiyolipiwa kwa muda wote wa kukaa hotelini; kumwingiza mwenzi kimya kimya ni kumnyima kadi hiyo na kumweka katika aibu isiyo ya lazima. Ombeni ankara mbili: moja yenye gharama ya mtu mmoja kwa siku za kazi, nyingine yenye nyongeza ya mtu wa pili. Posho ya safari imepigiwa hesabu ya mtu mmoja katika mji ulio ghali mno. Ikitegemewa kuwalisha wawili mtakula mikate ya dukani kuanzia siku ya tatu. Wekeni bajeti ya fungate kwenye akaunti ya peke yake miezi kadhaa kabla, hata kwa mtindo wa kibubu.

Siku za mkutano

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani hufanyika Mei, na Mkutano wa Kimataifa wa Kazi hufanyika Juni. Katika wiki hizo vyumba vya Geneva hupanda bei na kujaa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutofanya fungate hapo hapo.

Katika siku hizi mjumbe ni mtu wa kazi, na mwenzi akubaliane na hilo kabla ya kupanda ndege. Chakula cha jioni cha wajumbe si cha mwenzi isipokuwa mwaliko umesema hivyo. Mjumbe naye asidanganye kwamba atatoka saa tisa. Vikao vya kamati za kuandika maazimio vina sifa ya kuvuka usiku.

Mwenzi ana mengi ya kufanya kwa kadi ile ya usafiri peke yake. Anaweza kupanda boti ndogo za manjano zinazovusha abiria ziwani, akaitazama chemchemi ya Jet d’Eau inayorusha maji hadi mita 140. Tramu namba 18 inaishia CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, ambako jengo la maonyesho lililofunguliwa mwaka 2023 halina kiingilio. Mbele ya Jumba la Mataifa, makao ya Umoja wa Mataifa mjini humo, kuna kile kiti kikubwa cha mbao chenye mguu uliovunjika, kilichosimamishwa mwaka 1997 kupinga mabomu ya kutegwa ardhini. Waislamu watapata msikiti Petit-Saconnex, si mbali na eneo la mashirika. Wajiandae pia kwa jambo la majira: mwezi wa Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo anayengoja magharibi ndipo ale chakula cha jioni anaweza kukuta majiko ya migahawa yamekaribia kuzimwa.

Fungate yenyewe

Usiku wa mwisho wa mkutano, mjumbe aandike ripoti yake ya safari na kuituma, hata kama ni rasimu, kisha aweke ujumbe wa kutokuwepo kwenye barua pepe. Asubuhi yake hameni mji. Jambo hili nalisisitiza kuliko mengine yote, kwa maana mkibaki kwenye hoteli ile ile mtakutana na wajumbe wenzake kwenye kifungua kinywa, na mazungumzo yatarudi kwenye aya ya nne ya azimio.

Montreux, mji mdogo kando ya Ziwa Geneva, inafaa sana. Treni kutoka Geneva huchukua takribani saa moja, na baada ya Lausanne reli hupita kando ya ziwa chini ya mashamba ya mizabibu ya Lavaux, yaliyopangwa kwa matuta ya mawe na kuorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2007; kaeni upande wa kulia mlione ziwa. Mjini kuna njia ya miguu iliyopandwa maua kando ya maji, inayowafikisha kwenye ngome ya Chillon kwa mwendo wa polepole usiofika saa moja, na mkichoka basi namba 201 litawarudisha. Kwa wanaotaka kilele, treni ya meno, ile inayokwea mlima kwa reli yenye meno, hupanda kutoka stesheni ya Montreux hadi Rochers-de-Naye, mita 2,042. Wengi huambiwa waende Jungfraujoch, stesheni ya juu milimani yenye mita 3,454; ni pazuri, lakini nauli yake ni kubwa na siku nzima huliwa na kubadilisha treni. Kwa fungate ya siku nne au tano ningeiacha. Tiketi za siku za reli hununuliwa mtandaoni, na bei yake huwa nafuu zaidi mkiziwahi.

Kuhusu chakula, fahamuni kwamba fondue, jibini iliyoyeyushwa ambayo watu huchovya mkate kwenye chungu kimoja, kwa kawaida hupikwa na divai nyeupe. Asiyetumia kileo aagize raclette, ambayo ni jibini iliyopashwa moto na kumiminwa juu ya viazi, ila aombe isiambatane na nyama ya nguruwe. Maji ya bomba yananyweka, jambo linalookoa faranga nyingi. Maduka mengi hufungwa Jumapili, hivyo mahitaji ya siku hiyo yanunuliwe Jumamosi. Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi za Uswisi. Bebeni adapta mbili, kwa sababu moja ndiyo chanzo cha ugomvi wa kwanza wa usiku.

Kwa kurudi, hamna haja ya kulala tena Geneva. Ipo treni ya moja kwa moja kutoka Montreux hadi stesheni iliyo ndani ya uwanja wa ndege, mwendo wa saa moja na dakika chache. Chagueni ndege itakayowafikisha nyumbani Ijumaa au Jumamosi, ili risiti zipangwe, nguo zifuliwe, na marejesho ya masurufu yapelekwe kwa mhasibu Jumatatu asubuhi kabla hajayaulizia.