Usikiamini kibandiko: piga hesabu ya omu na wati mwenyewe

Geuza pasi yako usome kibandiko chake. Nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, zimeandikwa 220–240V, na mbele yake 1000–1200W. Wateja wanaopita hapa kibandani kwangu Umoja huniuliza: fundi, sasa hii ni ya wati 1000 au 1200? Ni zote mbili. Ukishaelewa kwa nini, hesabu zilizobaki hazitakusumbua.

Koili iliyo ndani ya pasi haina wati zake yenyewe. Ilicho nacho ni ukinzani, yaani kiasi inavyouzuia mkondo wa umeme usipite, nao hupimwa kwa omu. Mjerumani Georg Ohm ndiye aliyechapisha kanuni hii mwaka 1827. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni kiasi cha mkondo unaopita, wati ni nguvu inayotumika. Gawanya volti kwa ampea, unapata omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati. Basi. Kama huna ampea lakini una volti na omu, zidisha volti kwa zenyewe, kisha ugawanye kwa omu: hizo ndizo wati.

Turudi kwa pasi. Hesabu hiyo unaweza kuigeuza: volti mara zenyewe ukigawanya kwa wati, unapata omu. 220 mara 220 ni 48,400; gawanya kwa wati 1000, unapata omu 48.4. 240 mara 240 ni 57,600. Gawanya kwa 1200, unapata omu 48. Koili ni ile ile! Kiwanda kimekuambia tu itatoa joto kiasi gani ukiipa volti hizi au zile.

Stima ya nyumbani hapa Kenya inatakiwa kuwa volti 240. Inatakiwa. Jioni watu wakirudi kazini na kila nyumba kwenye ploti imewasha koili ya kupikia, huwa inashuka, hasa kama waya wa kuja kwenu ni mwembamba na umetoka mbali. Chukua birika la wati 2200 kwa volti 240. Ampea zake ni 2200 gawanya kwa 240, yaani 9.17, na omu zake ni 240 gawanya kwa 9.17, karibu 26.2. Sasa volti zishuke hadi 200. Omu hazijabadilika, kwa hivyo ampea ni 200 gawanya kwa 26.2, yaani 7.63, na wati ni 200 mara 7.63: 1,526. Volti zimepungua kwa sehemu moja ya sita, lakini wati zimepungua karibu theluthi moja. Kuna watu wameniletea birika zima kabisa wakisema limezeeka kwa sababu chai inachelewa jioni. Birika halina kosa.

Kupata volti na ampea bila kuhatarisha mkono, nunua kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi chenye kioo kinachoonyesha namba zote mbili. Mimi hutumia mita ya kubana, ile yenye mdomo kama koleo. Mdomo huo ubane waya mmoja tu. Ukibana kebo nzima ya birika utasoma sufuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana. Nina ekstensheni fupi niliyoichuna ganda la nje ili nitenganishe waya wa kahawia na wa buluu. Maganda ya ndani hayaguswi.

Omu zenyewe unaweza kuzipima kwenye pini za plagi, kifaa kikiwa kimechomolewa. Kimechomolewa, nasema tena. Washa swichi ya kifaa, weka mita kwenye omu, gusa pini mbili fupi, si ile ndefu ya juu. Koili ya pasi au birika ikiwa baridi itakupa namba iliyo karibu sana na ya moto. Balbu ya zamani ya waya haikubali mchezo huo: ya wati 60 kwa volti 240 ina omu 960 ikiwaka, lakini ikiwa baridi utasoma chache mno.

Balbu hiyo inakula robo ampea. Taa ya gari ya wati 60 inatumia volti 12, kwa hivyo inakula ampea 5. Wati ni zile zile, mkondo mara 20. Na waya huungua kwa mkondo.

Ndiyo maana shawa ya umeme inanitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote nyumbani. Ya wati 5500 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23, na omu zake ni 10.5 hivi. Plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13, yaani wati 3,120, kwa hivyo shawa haiwekwi kwenye plagi hata kidogo. Inataka kebo yake nene na swichi yake kutoka kwenye boksi kuu la umeme la nyumba. Halafu tazama kiungo, pale waya unapofungwa kwa skrubu. Fundi akiacha skrubu imelegea, pale panaweza kuzaliwa nusu omu. Jumla inakuwa omu 11, mkondo ampea 21.8. Zidisha 21.8 kwa 21.8, kisha kwa 0.5: karibu wati 238 za joto, zote kwenye kipande cha shaba kidogo kuliko ukucha. Ukisikia harufu ya plastiki bafuni, zima kwenye boksi kwanza, maswali baadaye.

Friji usiipigie hesabu hii. Mota yake huchelewesha mkondo nyuma ya volti, kwa hivyo volti mara ampea hukupa namba kubwa kuliko wati halisi. Zima vitu vingine vyote, soma yuniti kwenye mita ya tokeni, acha friji ikimbie usiku mzima, usome tena asubuhi. Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Gawanya yuniti zilizoliwa kwa saa zilizopita, zidisha kwa 1000, umepata wastani wa wati zake.