Mama ndiye mwajiri: namna ya kuomba saa za IHSS California na kuziendesha nyumbani

Siku afisa wa kaunti alipokuja kumtathmini Mama kwa mara ya kwanza, Mama alivaa kitenge kipya, akajifunga kilemba, na alipoona mgeni amekaa bila kinywaji, akainuka kitini aende jikoni. Akainuka kweli! Huyo ndiye Mama ambaye tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia umelala, na asubuhi ile ile nilimtoa kitandani kwa kumkumbatia kiunoni. Mkalimani wa kwenye simu akauliza kama anaoga mwenyewe. "Naoga, alhamdulillahi." Kuvaa je? "Navaa." Likaja la choo. Mkalimani, kwa adabu zake, akauliza, "Unajisaidia?" Mama akajibu, "Ndiyo, kila siku." Afisa akaandika kwamba chooni hahitaji msaada. Nami nilinyamaza, maana mzazi hasutwi mbele ya mgeni.

Wiki chache baadaye barua ikafika: saa 38 za msaada wa kulipiwa kwa mwezi.

Nawaandikia wenzangu wenye mzazi, mwenza au mtoto anayehitaji kushikwa mkono kila siku hapa California, ili msianzie tulipoanzia sisi. IHSS (In-Home Supportive Services) ni mpango wa Medi-Cal, yaani Medicaid ya California, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, unaolipa mtu wa kumsaidia mgonjwa nyumbani kwake: kumwogesha, kumvisha, kumpikia, kumfulia, kumpeleka kwa daktari. Anayesaidiwa awe na miaka 65 au zaidi, au kipofu, au mlemavu, na awe anaishi nyumbani, si kwenye nyumba ya wazee. Msiuchanganye na Medicare, bima ya shirikisho ya wazee na baadhi ya walemavu. Medicare italipia hospitali na daktari, lakini mtu wa kumwogesha mama yako mwaka hadi mwaka hailipi.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba hakuna wakala anayekuletea mhudumu na ratiba yake. Serikali inalipa, lakini anayechagua mhudumu, anayemfundisha, anayempangia na anayemwachisha kazi ni mgonjwa mwenyewe. Mhudumu anaweza kuwa binti, mume, mke, jirani, hata mzazi wa mtoto mlemavu kwa masharti fulani. Utaratibu huu walemavu waliupigania wenyewe. Ed Roberts, aliyepooza kwa polio na kulala ndani ya mashine ya kupumulia, alisoma chuo kikuu Berkeley miaka ya 60, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakafungua hapo Berkeley kituo cha kuishi kwa kujitegemea. Walikuwa wanadai kitu kimoja kikubwa: mtu asiyeweza kuinua kijiko bado anaweza kuamua nani amlishe na saa ngapi.

Kuomba kwenyewe si kugumu. Piga simu ofisi ya IHSS ya kaunti yako, sema unataka kuomba, na uandike tarehe hiyo mahali. Watakutumia fomu SOC 873, ya kujazwa na daktari au mtaalamu mwingine wa afya. Una siku 45 za kuirudisha, na kwa mwendo wa ofisi za madaktari siku hizo huyeyuka. Usiipeleke tupu. Mimi niliambatanisha karatasi ya mistari saba: hawezi kufunga vifungo, hawezi kuingia bafuni bila kushikwa, alianguka mara mbili mwezi uliopita, na kadhalika. Daktari ana dakika kumi na tano na Mama, na kwa dakika hizo Mama huwa mzima kabisa.

Hapo hapo kwenye simu omba mkalimani wa Kiswahili kwa kila kikao. Ni haki yako na ni bure. Inatokana na sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964. Usikubali mjukuu wa miaka kumi na mbili atafsiri habari za bibi yake kwenda haja. Na kabla afisa hajafika, kubalianeni maneno. Sisi sasa tunasema "kushikwa wakati wa kukaa na kuinuka chooni, kusafishwa, kuvalishwa." Neno "kujisaidia" tumelistaafisha.

Daftari

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. IHSS haitoi saa kwa kuhurumia ugonjwa. Kila kazi ina alama, kuanzia 1, mtu anajiweza kabisa, hadi 5, hawezi bila mtu mwingine kumfanyia. Anayehitaji kukumbushwa tu ("Mama, sabuni bado iko mgongoni") naye ana alama yake, ya 2. Alama zinageuzwa kuwa dakika, dakika zinajumlishwa kuwa saa. Kazi za nyumba zina vipimo vyake vilivyopangwa: kufagia na kusafisha nyumba, saa 6 kwa mwezi kwa kaya nzima, kufua, saa 1 kwa wiki kama mashine iko ndani, saa 1 na nusu kama lazima utoke, kununua chakula, saa 1 kwa wiki, na nusu saa kwa safari nyingine ndogondogo. Huko hakuna cha kupigania sana. Tofauti kubwa iko kwenye mwili: kuoga, kuvaa, choo, kula, kuhama kutoka kitandani hadi kitini.

Basi nikanunua daftari nikapima siku kumi na nne kwa saa ya simu. Ukurasa mmoja ulikuwa hivi: kumtoa kitandani, dakika 9. Choo, dakika 14 kila safari, mara tano. Kuoga, dakika 41, ikiwamo kukausha vidole vya mkono uliolala, ambavyo amevikunja na lazima uvifungue kimoja kimoja. Kuvaa, 17. Chai na dawa, 25, kwa sababu anakabwa na maji na lazima anywe taratibu. Usiku kuamshwa mara mbili. Nilipojumlisha nilikaa kimya kidogo. Sikuwa nimejua nafanya yote hayo.

Kosa langu lilikuwa dogo na la kuchekesha, ila liligharimu. Niliandika kwa saa zetu: "saa 12 asubuhi, choo." Aliyepokea nakala aliisoma kama saa 12 mchana, na ratiba yote ikaonekana kama ya mtu anayeamka adhuhuri. Andika 6:00 kama wao, au weka dakika peke yake.

Andika siku mbaya pia. Swali la afisa si kama Mama amewahi kuoga mwenyewe. Ni anachohitaji ili awe salama. Hakuna kutia chumvi hapo: ukisema uongo unaiibia serikali, na ukificha unamwibia mama yako.

Mambo mawili huachwa kwa kutojulikana. La kwanza, huduma za kitabibu zinazofanyika nyumbani, kama sindano ya insulini, mpira wa mkojo au kusafisha kidonda, zina fomu yake, SOC 321, na daktari ndiye anayeandika ni mara ngapi na kwa dakika ngapi. La pili, kwa mgonjwa aliyepungukiwa kumbukumbu au akili, anayewasha jiko na kuondoka au kutoka nje usiku bila kujua hatari, kuna saa za kumlinda. Fomu yake ni SOC 821. Mwenye udhaifu wa mwili peke yake hizo hazimhusu. Ukieleza magoti wakati tatizo ni kusahau, utanyimwa. Wenye mahitaji makubwa kabisa hufika hadi saa 283 kwa mwezi, ndiyo ukomo.

Barua ikija

Isome nyuma na mbele. Jedwali linaonyesha kila kazi na saa ilizopewa. Penye sifuri ndipo pa kuuliza. Sisi tulikuta sifuri kwenye choo (lile neno letu), na dakika chache mno kwenye kuoga.

Una siku 90 za kuomba kusikilizwa na jaji wa utawala wa jimbo. Fomu iko mgongoni mwa barua yenyewe na hailipiwi. Lakini kama barua inapunguza saa ulizokuwa nazo, usingoje siku 90: omba kabla ya tarehe ya kupunguza kuanza, ili saa za zamani ziendelee hadi uamuzi utoke. Barua ya kupunguza hutakiwa kutumwa siku 10 kabla, na posta ikila nne, umebaki na chache.

Neno "jaji" lilimtisha Mama. "Tumshitaki nani, watu wametusaidia?" Nikamwambia hatumshitaki mtu, tunaomba hesabu irudiwe. Na ndivyo ilivyokuwa: kabla ya siku yenyewe mtu wa kaunti alipiga simu, akasoma kurasa za daftari nilizotuma, akasema watatathmini upya kama nitaondoa rufaa kwa masharti. Nilikubali baada ya kupata masharti hayo kwa maandishi, ili nikiendelea kutoridhika niweze kurudi. Safari ya pili Mama alivaa dera la nyumbani, nami nilimwomba afisa nizungumze naye jikoni dakika tano kwanza. Tukatoka na saa 124.

Mwajiri na mwajiriwa chini ya paa moja

Mhudumu, hata akiwa binti wa kuzaa, lazima asajiliwe: maelekezo ya kuanza kazi, alama za vidole, karatasi za kuonyesha ana ruhusa ya kufanya kazi. Gharama ya alama za vidole ni yake. Mgonjwa anatia sahihi SOC 426A kumtaja kuwa ndiye aliyemchagua. Kama mnaishi nyumba moja, uliza kuhusu fomu SOC 2298. Mshahara wa IHSS wa mhudumu anayeishi na anayemhudumia unaweza kutohesabiwa kwenye kodi ya mapato ya shirikisho. Wengi hulipa miaka bila kujua.

Gawanya saa za mwezi kwa 4 upate kikomo cha wiki. Za Mama ni 31. Wiki ya IHSS huanza usiku wa manane wa kuamkia Jumapili na kuisha Jumamosi usiku, na kuvuka mipaka bila idhini ni kosa linaloandikwa. Makosa yakirundikana mhudumu husimamishwa. Siku nzima ambazo mgonjwa amelala hospitali hazijazwi kwenye ripoti ya saa za kazi. Mama alilazwa siku nne, mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiko, na siku zile niliacha tupu. Inauma, lakini kujaza ni udanganyifu.

Majimbo mengine yana mipango ya namna hii kwa majina mengine na kanuni nyingine; New York, kwa mfano, mume au mke halipwi kwenye mpango wao wa CDPAP, lakini mtoto mtu mzima analipwa. Anzieni ofisi ya Medicaid ya jimbo lenu, au pigeni 211, namba ya simu ya kuulizia huduma za jamii.

Mimi mwenyewe nilichoka baada ya miezi minane, mgongo ukakataa. Tukaomba majina kwenye orodha ya wahudumu ya kaunti, tugawe saa. Mama ndiye aliyewahoji, mimi nikitafsiri. Wa kwanza alikuwa na uzoefu mwingi, akaingia akimwita Mama kwa jina lake la kwanza. Mama akamshukuru, alipotoka akasema, "Huyo amuogeshe mwenzake." Wa pili hakujua neno la Kiswahili, lakini aliinama akampa mikono yote miwili. Mama akamtaka aonyeshe anavyokamua kitambaa. Akaajiriwa siku hiyo.

Juu ya friji kuna karatasi ya Mama kwa mhudumu yeyote, pamoja nami: mkono uliolala uingie kwenye nguo kwanza, na utoke mwisho. Kiti kikae upande wake wenye nguvu. Usimvute kwapani. Kijiko kidogo, asubiri ameze. Kabla ya kumfunua, funga mlango.

Saa zinajazwa kwenye mtandao mara mbili kwa mwezi, kuanzia tarehe 1 hadi 15, kisha 16 hadi mwisho, na mgonjwa ndiye anayeziidhinisha. Tovuti haina Kiswahili. Msiwabonyezee wazazi kwa nywila yao. Wafundisheni kitufe kiko wapi. Mama anajua cha kwake. Kabla hajakibonyeza ananiita nikae mbele yake nimsomee siku moja moja, na juzi alinisimamisha kwenye Jumanne: "Saa nne za kazi? Si ulichelewa sokoni wewe, chai nikanywa saa tano?" Nikapunguza zikawa tatu, ndipo akabonyeza.