Somo: Kuigiza uvamizi wa Entebbe wa 1976, hali ya hewa ikigeuka

Wandugu, wengi mnaorusha ndege Entebbe kwenye FlightGear (programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta) mnaweka radi juu ya ziwa saa nane mchana. Sivyo. Mchana mawingu hujijenga nchi kavu. Usiku pepo za nchi kavu hukutana katikati ya Ziwa Victoria, radi zikaanzia huko. Waulizeni wavuvi wa Kasenyi. Ndege nne za mizigo aina ya Hercules za Israeli, zilizobeba makomando kwenda kuokoa mateka, zilizotoka Sharm el-Sheikh tarehe 3 Julai 1976 zilikumbana na dhoruba za ziwa hili hili.

1. Anzia angani, maili 15 kusini mwa uwanja, futi 7,000. Uwanja wenyewe uko futi 3,782, kwa hiyo usisome geji kama uko Mombasa. Weka usiku, lenga njia ya 35 (njia ya kutua inayoelekea nyuzi 350 hivi, karibu kaskazini).

2. Kwenye dirisha la hali ya hewa andika METAR (ripoti fupi ya hali ya hewa ya uwanja; HUEN ni Entebbe) kwa mkono:
HUEN 032000Z 33006KT 9999 SCT022 21/18 Q1017
Upepo noti 6 (si za pesa, ni maili za baharini kwa saa), unakuja usoni. Ndege inashuka bila ubishi.

3. Zikibaki maili sita, bandika hii:
HUEN 032030Z 16018G30KT 2000 +TSRA BKN018CB 18/17 Q1019

Hapa ndipo kazi ilipo. Mvua ya dhoruba hushusha hewa baridi, nayo ikigonga maji husambaa kila upande. Upepo uliokuwa usoni sasa uko mgongoni, noti 18, na mapigo ya 30. Sindano ya mwendo inaporomoka. Mara ya kwanza nilivuta pua juu kwa woga kabla ya kuongeza nguvu. Nikazama ziwani na makomando wote. Injini kwanza, panda, zunguka, rudi utue njia ya 17 (njia ile ile kutoka upande wa pili, nyuzi 170).

MASWALI

Wa Mbarara: Mkuu, kwa nini tusivute hali ya hewa halisi kwenye intaneti?
– Unaweza, ila utakesha ukingoja radi na bando liishe.

Wa Jinja: Upepo wa nyuzi 160 kwenye njia ya 17 si utanisukuma ubavuni?
– Kidogo tu, dada. Tofauti ni nyuzi 10: katika noti 18, ubavuni zinafika 3 hivi.

Wa Jinja tena: Na nikiamua kutua 35 hivyo hivyo?
– Jaribu. Njia ina mita 3,658, ndege tupu huenda ikasimama. Ukiwa umebeba magari, tuwekee picha.