Samaki wamekufa usiku? Kagua mizoga kabla hujaizika

Samaki wakikutwa wanaelea alfajiri, wafugaji wengi wa Dodoma humfikiria kwanza jirani mwenye kijicho. Baada ya hapo ni mbio hadi duka la dawa za mifugo kutafuta OTC, yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini. Wakati huohuo kijana wa bwawani ameshaagizwa aokote mizoga, aitupe na kufungulia maji mapya. Hapo ushahidi wote umekwenda. Alama za kilichoua samaki hazikai muda mrefu: jua likishapanda, matamvua yanapauka na kuoza, na oksijeni ya maji inarudi juu. Ukipima saa nne asubuhi, kipimo kitakwambia bwawa ni zima.

Kwa hiyo anza na saa. Vifo vya kati ya saa tisa usiku na mapambazuko, hasa katika bwawa lenye maji ya kijani kizito, karibu kila mara ni vya kukosa hewa. Mwani unaoyapa maji rangi ile hutoa oksijeni mchana, lakini usiku na wenyewe unaivuta sawa na samaki, na bakteria wanaoozesha samadi na mabaki ya chakula chini ya bwawa wanavuta pia. Akiba inayobaki alfajiri ndiyo inayoamua nani ataiona asubuhi. Sato huhitaji isishuke chini ya miligramu 4 hivi kwa lita ili akue vizuri. Ikiendelea kushuka, anakuja juu kuhemea. Na sisi tuna hasara nyingine isiyosemwa sana: Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yetu yanashika oksijeni pungufu kuliko maji ya Tanga yenye joto lilelile.

Sasa tazama nani amekufa. Hewa ikipungua, sato wakubwa hutangulia; wadogo hupona kwa kuhemea ngozi ya juu ya maji. Kambale mliyemchanganya humo utamkuta anaogelea kama hakuna msiba, maana ana kiungo cha kupumulia hewa ya nje. Tazama mdomo wa mzoga: umeachama, na vifuniko vya matamvua vimetanuka. Kama jana maji yalikuwa kijani na leo ni ya kahawia yenye uvundo, mwani wenyewe umekufa kwa mkupuo, jambo linalotokea sana siku za mawingu mfululizo za masika baada ya wiki za jua kali.

Dawa ya hapo haiuzwi dukani. Simamisha chakula na samadi, washa pampu iyanyonye maji ya bwawa na kuyarusha juu yarudi kama mvua. Ukiongeza maji ya kisima kirefu, yaangushe kwanza juu ya mawe au bati lililotobolewa, kwa kuwa maji yanayotoka ardhini huwa na oksijeni kidogo sana. Maji ya bomba la mjini yana klorini. Yaache kwenye chombo kilicho wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatumia. Baadaye jizoeze kuchovya mkono: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, mwani umezidi, na kiroba cha mbolea ya kuku kinachosubiri ukingoni kiendelee kusubiri.

Sumu ina sura tofauti kabisa. Haichagui ukubwa wala saa, na kambale naye hasalimiki. Chungulia pembeni: viluwiluwi, vyura na wadudu wa majini wamekufa pia? Maeneo ya zabibu kama Hombolo, Mpunguzi na Mvumi yana bomba la kupulizia karibu kila nyumba, na dawa za kuvu zenye shaba pamoja na viuatilifu vya jamii ya pairethroidi ni hatari kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Mvua ya kwanza ya Desemba husomba mabaki ya shambani hadi bwawani. Na kabla hujamwita mtendaji wa kijiji, uliza bomba lilisuuzwa wapi juzi, na nani. Mara nyingi ni bomba la mwenye bwawa.

Wenye matangi mapya ya saruji wana kesi yao. Vifaranga wanatiwa leo, kesho wanatoa ute mwingi, keshokutwa wamekwisha. Saruji mbichi hutoa chokaa inayopandisha pH (kipimo cha asidi na besi kwenye maji) juu ya 10, ilhali sato anastahimili vizuri kati ya 6.5 na 9. Jaza tangi, liache siku kadhaa, mwaga, jaza tena, na urudie mpaka karatasi ya kupima pH itulie. pH kubwa huzidisha ubaya mwingine: amonia ya kinyesi cha samaki ambayo kwenye pH 7 haina makali, kwenye pH 9 inaua. Hapa kwetu ni rahisi kufika huko, kwa kuwa mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka na uvukizi unaizidi mara kadhaa. Maji yanapungua, uchafu na chumvi vinabaki.

Matamvua ya kahawia kama chai ya rangi ni dalili ya nitriti (amonia iliyogeuzwa na bakteria) iliyoharibu damu. Badilisha sehemu ya maji na punguza chakula. Vifo vya Juni na Julai katika bwawa lisilofika mita moja kina viangalie kwa jicho la baridi: samaki amegoma kula, na baada ya siku chache anaota kuvu kama pamba.

Ugonjwa wenyewe huua kidogokidogo, wawili leo, watatu kesho, wakiwa na vidonda, macho yaliyotokeza au tumbo lililojaa. Hapo ndipo maabara inahitajika. Mpelekee afisa uvuvi au maabara ya mifugo samaki anayekaribia kufa, kwenye mfuko juu ya barafu bila kumgandisha, na chupa ya maji ya bwawa iliyojazwa hadi mdomoni. Antibiotiki bila majibu ni pesa majini. Mizoga ichimbiwe shimo na kufunikwa kwa chokaa; isiuzwe wala kuliwa kabla sababu haijajulikana.

Ukiwa tayari kupandikiza upya, usimwage vifaranga wote. Weka wachache ndani ya kizimba cha wavu humo bwawani kwa siku mbili tatu, na ukawatazame saa kumi na moja alfajiri, siyo saa nne.